Nilimtafuta Daktari wa Mpwapwa, Nikachelewa Kumtafuta Mkewe

Bibi yetu alipofariki dunia mwaka 2016, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu utakaosomwa kanisani kabla ya maziko. Niliuandika usiku, nikiwa nimekaa mkekani na shangazi zangu wawili, na ulipokamilika ulikuwa na mistari kumi na mmoja. Kesho yake, niliposikia ukisomwa mbele ya umati uliojaa kanisa hadi nje, nilitambua jambo lililonitia aibu ambayo haijanitoka mpaka leo: mistari saba kati ya hiyo ilimhusu Babu. Bibi alizaliwa, akaolewa na daktari, akamzalia daktari watoto sita, akamuuguza daktari hadi alipofariki mwaka 1994. Nusu ya watu waliokuwa wamesimama pale nje walizaliwa mikononi mwake, nami nilikuwa nimemzika kwa wasifu wa mumewe.

Kabla ya arobaini kwisha niliamua kuandika historia ya wazee wale wawili, ili wajukuu na vitukuu wawe na kitu cha kushika. Kazi hiyo ilinichukua miaka mitatu na takribani shilingi 2,300,000, nyingi zikiwa nauli, malazi, nakala za karatasi na zawadi ndogo ndogo za sukari na khanga kwa wazee niliowatembelea. Mimi ni mhasibu, sikusomea historia, na hakuna aliyenionyesha njia. Ninayaeleza haya kwa sababu makosa niliyoyafanya ni ya kawaida, na moja kati ya hayo lilinipotezea watu watatu ambao siwezi tena kuwauliza chochote.

Nilianzia Dar es Salaam kwa kuwa ndiko ninakoishi, na kwa kuwa niliamini kwamba mtu aliyeitumikia serikali zaidi ya miaka thelathini lazima awe na jalada mahali fulani. Nilikwenda Nyaraka za Taifa, Upanga, nikiwa na barua ya utambulisho kutoka kwa mwajiri wangu pamoja na kitambulisho, nikaomba kupitia majalada ya lililokuwa Jimbo la Kati. Watumishi wa chumba cha kusomea walinisaidia kwa uvumilivu mkubwa. Tatizo lilikuwa matarajio yangu mwenyewe. Majalada ya utawala wa Kiingereza yalipangwa kwa mambo yaliyomshughulisha mtawala, yaani kodi, mifugo, njaa, ndui, watemi na mipaka yao. Mwafrika aliyekuwa akifunga vidonda katika hospitali ya wilaya huonekana humo pale tu anapoomba uhamisho au anapolalamikiwa. Katika siku sita za kusoma, ambazo nilizikata kutoka likizo yangu ya mwaka, nilimwona Babu mara moja tu, katika orodha ya watumishi, jina lake likiwa limekosewa herufi mbili na mbele yake pameandikwa cheo chake.

Cheo hicho kilinishtua. Maisha yangu yote nilijua kwamba Babu alikuwa daktari, kwa maana mji mzima ulimwita Daktari, na nyumba yetu mpaka leo inaitwa kwa Daktari. Orodha ilisema alikuwa mganga msaidizi. Nilirudi nyumbani jioni ile nikiwa na hisia ya mtu aliyedanganywa, na ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba hapakuwa na uongo wala udanganyifu wowote. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba wakati wa uhuru nchi nzima ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Waliosomea udaktari Afrika Mashariki wakati ule walikwenda Makerere, nao walihesabika kwa vidole. Katika miji midogo kama Mpwapwa, aliyepima malaria, aliyeunga mfupa, aliyekaa na mgonjwa wa uti wa mgongo usiku kucha, alikuwa mganga msaidizi. Watu walimwita kwa kazi waliyomwona akiifanya. Katika historia niliyoiandika nimeweka majina yote mawili, la mji na la serikali, na nimeeleza tofauti yake, kwa sababu mjukuu atakayekuja kuiona orodha ile asipatwe na mshtuko nilioupata mimi.

Kwa atakayefuata njia hiyo ya majalada, nina maneno machache. Tafuta kwa majina ya mahali ya wakati ule, si ya leo. Kongwa ilikuwa ndani ya wilaya ya Mpwapwa, kwa hiyo nilipoteza siku nzima nikitafuta majalada ya wilaya ambayo haikuwapo. Vivyo hivyo, mzee akisema alisomea Sewa Haji, usihangaike na Muhimbili. Sewa Haji ilikuwa hospitali ya tangu enzi za Wajerumani, na Muhimbili yenyewe ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret. Andika jina la mtu wako kwa tahajia zote unazoweza kufikiria, kwa maana karani wa Kiingereza aliandika alichosikia. Tena ujue kwamba kwa sheria ya kumbukumbu ya mwaka 2002, karatasi za serikali kwa kawaida hufunguliwa kwa umma zikishatimiza miaka 30, hivyo usisafiri kutoka mbali kufuata jambo la juzi.

Wakati mimi nikisoma orodha za watumishi Upanga, wazee walikuwa wakiondoka. Mdogo wake Bibi, aliyekuwa akiishi Mvumi, alifariki miezi mitano baada ya dada yake. Dereva wa zamani wa gari la wagonjwa, aliyefanya kazi na Babu tangu kabla ya uhuru, alifariki mwaka huo huo. Wa tatu alikuwa muuguzi mstaafu ambaye binti yake alinipigia simu mara mbili akisema mama anauliza utakuja lini, nami nikamjibu kwamba nitakuja nikimaliza na nyaraka. Karatasi zile zilikuwa zimekaa pale zaidi ya miaka sitini na zingeningoja. Nilikuwa na namba za simu za wazee wote watatu. Kila ninapoulizwa na mtu aanzie wapi, humwambia aanzie kwa mzee kuliko wote, wiki hii hii, hata kama hajui bado amuulize nini.

Nilipofika Mpwapwa hatimaye, niligundua kwamba kuuliza nako ni kazi ya kujifunza. Nilikuwa na daftari lenye maswali arobaini, yameandikwa kama fomu ya benki. Nilimuuliza mzee wa kwanza Babu alizaliwa mwaka gani, naye akanijibu, "Zamani sana, mjukuu wangu," kisha akanyamaza, na mazungumzo yakafa. Mzee wa pili aliniokoa bila kujua. Alisema kwamba Babu alizaliwa wakati watu ndio wanaanza kupata mtama wa kutosha baada ya Mtunya, mama yake akiwa bado na alama za njaa mwilini. Mtunya ni njaa kuu iliyoipiga Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya pande zote mbili yalipokwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, mvua ikakosekana, na homa kali ya mafua ya 1918 ikafuata. Ilimalizika mwaka 1920. Hivyo Babu alizaliwa 1920 au 1921, ilhali kitambulisho chake kilisema 1926. Kitabu cha ubatizo cha kanisa ndicho kilichonieleza mwaka huo wa 1926 ulitoka wapi: ndio mwaka aliobatizwa. Karani fulani aliuchukua mwaka wa ubatizo akaufanya wa kuzaliwa, na tangu hapo ukaandikwa katika kila karatasi. Vitabu vya kanisa ni hazina, lakini visomwe kwa makini, kwani tarehe iliyomo ni ya maji ya ubatizo, na jina lililomo mara nyingi ni jipya kwa mhusika mwenyewe.

Baada ya hapo niliacha kuuliza miaka. Niliuliza mvua, njaa, nani alikuwa mtemi, nani alikuwa amekwisha olewa, mtoto gani alikuwa mgongoni. Niliacha pia kuingia na daftari mkononi. Nilisalimia, nikakaa, nikaongea habari za shamba, na simu ya kurekodi niliitoa baada ya kuomba ruhusa. Rekodi tatu za mwanzo zilipotea zote simu ilipoibwa kituo cha mabasi Dodoma, kwa sababu sikuwa nimezihamishia mahali pengine. Moja kati ya hizo ilikuwa na sauti ya mzee aliyekuwa akiimba wimbo wa kubembelezea watoto ambao Bibi aliuimba wodini. Nilirudi kwake miezi minne baadaye, na sauti ilikuwa imeshamwishia. Jioni ya siku ile ile unayorekodi, hamisha.

Kuna jambo ambalo sikulitarajia kabisa, nalo ni hofu ya mirathi. Nilipoanza kuuliza shamba la Babu lilianzia wapi na kaburi la baba yake liko upande gani, habari zilienea kwamba mjukuu wa Dar amekuja kupima ardhi. Baba mkubwa alinipokea kwa baridi ambayo sikuwahi kuiona kwake. Niliumia, kisha nikamwelewa, kwa maana ni kweli kwamba watu huja kwa maneno ya historia wakaondoka na hati. Nilimwomba aitishe kikao cha familia, nikaeleza mbele ya wote ninachotafuta, na nikaahidi kwamba kila nakala nitakayopata itakaa kwake kabla ya kukaa kwangu. Ningefanya hivyo siku ya kwanza ningeokoa karibu mwaka mzima.

Kaburi la baba yake Babu sikulipata. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwahamisha watu wa Ugogo kwenye vijiji vya ujamaa, na matembe ya zamani yakabaki mahame. Mzee mmoja alinipeleka kwa miguu karibu saa mbili, akasimama kwenye mbuyu, akazunguka, akasema ni hapa au pale. Nilipiga picha pande zote nne na kuhifadhi alama ya mahali kwenye simu. Hiyo ndiyo tuliyo nayo.

Mambo mawili niliyoyapata kuhusu Babu yaliiumiza familia, na yote mawili niliyashughulikia vibaya. La kwanza lilihusu vita. Sisi sote tulikua tukijua kwamba Babu alipigana Burma. Baba mkubwa alikuwa akiisimulia habari hiyo kwa wageni, pamoja na msitu, mvua na mto Chindwin, na ni kweli kwamba askari wengi wa Tanganyika walifika huko mwaka 1944. Ndani ya sanduku la bati la Bibi tulikuta cheti chake cha kuachishwa jeshi. Alikuwa katika kikosi cha utabibu na alitumikia muda wake wote hospitali ya jeshi nchini Kenya, akiwahudumia waliorudi kutoka Burma. Habari za msitu alizisikia kwa wagonjwa. Nafikiri hata hakudanganya. Alisimulia waliyoyaona wengine, na watoto wakaunganisha. Kosa langu ni kwamba nilikisoma cheti kwa sauti mezani, mbele ya wakwe na watoto, nikiwa na furaha ya aliyegundua jambo. Baba mkubwa aliinuka akatoka nje. Ningempelekea faraghani yeye kwanza, angelitangaza mwenyewe kwa namna yake.

La pili lilikuwa zito zaidi. Karatasi iliyonifaa kuliko zote hizo haikutoka ofisini. Ilikuwa fomu ya mafao ya Babu alipostaafu mwaka 1976, nakala ya kaboni iliyokunjwa ndani ya Biblia. Fomu za namna hiyo zina kila kitu: tarehe ya kuajiriwa, vituo vyote alivyofanya kazi, jina la mke, na orodha ya watoto. Nilijua kutoka humo kwamba alikuwa hospitali ya Kongwa wakati wa ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa mwaka 1951 kwa hasara kubwa, na kwamba mradi ulipokufa ndipo akahamishiwa Mpwapwa. Nilijua pia kwamba alikuwa na watoto saba. Sisi tunawajua sita. Wa kwanza katika orodha alizaliwa 1949, miaka mitatu kabla ya ndoa ya Bibi.

Niliipiga picha fomu ile nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo nikiuliza nani anamfahamu mtu huyu. Ndani ya saa moja kundi lilikuwa linawaka. Shangazi mkubwa alinipigia akilia, akaniambia, "Mwanangu, mama yetu alilifunika hilo miaka sitini, wewe umelifunua kwa kidole kimoja." Kwa miezi saba watu wawili wa familia hawakusemeshana nami. Nimelifikiria sana jambo hili. Siamini kwamba ningelificha, kwa kuwa mtu yule ni mtu, na Babu mwenyewe alimwandika wa kwanza kwa mkono wake kwenye karatasi ya serikali, ambayo Bibi aliihifadhi ndani ya Biblia yake. Lakini palikuwa na watu wa kuambiwa kwanza, ana kwa ana, na kwa mpangilio wa umri wao. Baadaye shangazi huyo huyo ndiye aliyefuatana nami kwenda kumwona ndugu yake, mzee wa miaka karibu sabini aliyestaafu kazi ya reli. Walikaa kimya muda mrefu, kisha wakaanza kulinganisha vidole vyao vya miguu. Jina lake limo katika historia kwa idhini yake na ya shangazi.

Miaka ya mwisho ya kazi ya Babu nitaipitia haraka, kwa kuwa wengi waliishi hali hiyo hiyo. Alipostaafu alifungua chumba cha matibabu barazani, akiwa na vitanda viwili na kabati ya dawa. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara, naye akafunga. Iliporekebishwa mwaka 1991 alikuwa amepita miaka sabini na macho yamefifia. Kati ya hapo watu waliendelea kuja alfajiri kumwonyesha watoto, naye aliwapa ushauri, akawaandikia karatasi ya kupeleka hospitali, asichukue hata senti. Viti viwili vya baraza hiyo vipo mpaka sasa.

Na Bibi? Kwa miaka miwili nilikuwa na kurasa arobaini za Babu na kurasa tatu za Bibi. Nilijua kwamba alisomea ukunga katika hospitali ya misheni ya Mvumi, kwa sababu kulikuwa na picha yake akiwa na sare, na nyuma yake muhuri wa studio ya Dodoma. Nilijua kwamba mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya iliyowafikia karibu watu wazima milioni mbili nchini kwa redio na vikundi vya kusoma, aliongoza kikundi chake na kusimamia uchimbaji wa vyoo mtaa mzima. Nilipomtafuta katika karatasi za hospitali, za kanisa na za umoja wa wanawake, kwa jina la Babu kama tulivyomzoea, hakuwamo. Nilimuuliza kila mzee habari za mke wa daktari, nao walinieleza jinsi alivyopika, alivyopokea wageni na alivyovaa.

Mwaka 2019 nilikwenda kumwona mama mmoja wa makamo ya Bibi, mhudumu mstaafu wa wodi ya wazazi, ambaye hakuwa kwenye orodha yangu. Nilielekezwa kwake na mwenye duka aliyeniona nikizunguka. Nilimwamkia, akaitikia, nikaanza kama kawaida yangu kwamba namtafutia habari mke wa daktari. Alinitazama kwa muda. "Mke wa daktari mimi simjui sana," alisema. "Ukitaka za mkunga wetu, kaa."

Nilikaa mpaka giza likaingia. Alinieleza usiku wa mapacha ambao Bibi alitembea kwa miguu akivuka korongo lililojaa maji, sanduku lake la mbao likiwa kichwani. Alinieleza kwamba wanawake wengine walikuwa wakimsubiri Daktari aondoke zamu ndipo waingie, kwa sababu walimtaka yeye. Alinieleza kwamba Babu mwenyewe, uzazi ukiwa mgumu, alikuwa akituma mtu nyumbani kumwita mkewe hata siku ambazo hakuwa kazini, na alipofika alimpisha. Kisha akamtuma mjukuu wake chumbani, naye akarudi na daftari kubwa la jalada gumu, kingo zimeliwa na mchwa. Lilikuwa la wodi ya wazazi, la miaka ya sitini, ambalo wodi ilipohamia jengo jingine lilitupwa pamoja na takataka, naye akaliokota kwa sababu jina la mwanawe lilikuwamo.

Nililifungua kwa kutumia karatasi safi chini ya kila ukurasa, kama nilivyokuwa nimefundishwa Upanga. Tarehe, jina la mama, kijiji, jinsia ya mtoto, uzito, hai au la, na katika safu ya mwisho, saini ya mkunga. Mwandiko niliufahamu mara moja, kwa kuwa ndio ulioandika barua nilizopokea nikiwa shule ya bweni. Jina sikulifahamu. Ilinibidi nilisome kwa sauti ndipo mama yule akasema, "Ndiyo, hilo ni jina la baba yake." Miaka yote ile kazini, akiwa mke wa daktari na mama wa watoto sita, alikuwa akisaini kwa jina la baba yake wa Mvumi.

Nilirudi kwenye vitabu vile vile nilivyokwisha kuvipekua, vya kanisa na vya hospitali, nikatafuta jina hilo. Alikuwamo karibu katika kila kimoja. Kwa hiyo, anayemtafuta bibi yake, amtafute kwa jina la baba wa bibi huyo kabla ya jina la mume, na alipate jina hilo kwa ndugu wa upande wa bibi, ambao sisi wa upande wa mume huwatembelea mara chache mno.

Katika kurasa zilizosalimika nimehesabu watoto 412. Kila ukurasa nimeupiga picha, nakala moja iko kwa baba mkubwa, nyingine iko kwa mama yule, na daftari lenyewe limebaki kwake kwa sababu ni lake. Mwezi uliopita familia ilikaa kuzungumzia kibao kipya cha kaburi la Bibi. Shangazi mkubwa alitaka jina la Babu, kama desturi. Baba mkubwa aliomba apewe ile picha ya ukurasa, akavaa miwani, akaipitia safu ya mwisho kutoka juu mpaka chini kwa kidole, kisha akasema fundi aandike kama mama alivyojiandika mwenyewe.